Shavu la Kushoto

Foleni ya kujiandikisha ilianzia mlangoni pa darasa, ghorofa ya pili, ikateremka ngazi, ikapita mbele ya duka la rangi na kuishia barabarani. Mkiani mwake alisimama kinyozi mmoja wa miaka thelathini hivi, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Alikuwa hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kusimama hakukumpa tabu, maana siku nzima kazi yake ni kusimama. Tabu ilikuwa kusimama bila kitu mkononi. Alihesabu vigae vya ukutani, akatazama saa, akavihesabu tena.

Mbele yake alikuwepo dada mmoja ndani ya gauni la rangi ya ndizi mbivu. Alikuwa amekunja mikono ya gauni. Wa kulia ulifika kiwikoni, wa kushoto uliishia njiani. Kinyozi alijizuia. Akajizuia tena. Mwisho mdomo ukamponyoka.

"Samahani, dada. Mkono wako mmoja umekunjwa juu kuliko mwenzake."

Dada aligeuka polepole, akamkagua kuanzia kiatu hadi utosi. "Na wewe ni fundi wa mikono?"

"Kinyozi."

"Basi shughulika na vichwa. Mikono yangu niachie mwenyewe."

"Na hicho cheupe kiwikoni?"

"Krimu. Naoka keki. Uliza swali jingine nikupake puani."

Halafu akacheka. Kicheko chake kilipanda upande mmoja tu. Kona ya kushoto ya mdomo ilinyanyuka, shavu la kushoto likabonyea, na upande wa kulia ukabaki umetulia kana kwamba haujapewa habari. Kinyozi, mtu aliyeishi kwa kulinganisha pande mbili za kila kitu, aliacha kuhesabu vigae. Tangu saa ile alimwita Krimu, na jina lilimganda.

Juu darasani mwalimu, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwahesabu kwa kalamu. "Kompyuta kumi na mbili, wanafunzi kumi na watatu. Nyinyi wawili wa mwisho mnaogombana, kaeni pamoja. Namba nane."

Kozi ilikuwa ya kuhariri picha kwa kompyuta, Jumamosi nane mfululizo, na mwalimu hakuamini katika kukariri. "Hapa mtajifunza kwa kutenda," alisema. Kila wiki mbili alitoa mradi mpya. Wa kwanza ulikuwa kujiweka mahali ambapo hujawahi kufika. Krimu alimpandisha kinyozi mwezini akiwa na taulo begani, naye kinyozi akamketisha Krimu juu ya keki kubwa kama nyumba. Wa pili ulikuwa tangazo la kazi yako, na hapo ndipo walipogombania kipanya.

"Umefanya nini na keki yangu?"

"Nimeinyoosha. Ilikuwa imelalia kulia kidogo."

"Rudisha! Keki ikinyooka hivyo watu watadhani ya plastiki."

"Lakini Krimu, ona sasa ilivyolingana..."

"Kinyozi, kuna vitu vinaliwa na kuna vitu vinanyolewa. Rudisha nyuma."

Kinyozi akabonyeza vitufe viwili vya kurudisha nyuma, na keki ikalala tena upande wake. Kitu hicho kilimfurahisha kinyozi kuliko yote aliyofundishwa. Ukikosea, vidole viwili, na kosa halikuwepo! Alirudisha nyuma mara mia kwa siku.

Simu nazo zikaanza. Mwanzoni zilikuwa za masomo.

"Krimu, hivi ile brashi ya kufuta madoa iko wapi?"

"Pale pale ilipokuwa ulipouliza asubuhi."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Ulitaka kusikia sauti yangu."

"Na brashi pia."

"Wewe! Nina oveni inaungua huku. Haya, sema unachotaka kusema, nusu dakika."

Kufikia wiki ya tano alikuwa anampenda kabisa, mapenzi ya kumfanya mtu afagie nywele ambazo ameshazifagia. Saluni yao ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande wa kinyozi na upande wa dada yake msusi. Dada alikuwa akichungulia na kutikisa kichwa. "Mwambie huyo mtoto wa watu unamtaka," alisema, "kabla hujachimba sakafu."

Alikusudia kumwambia siku ya maonyesho. Mwisho wa kozi kila mwanafunzi angetundika ukutani mradi wake mkubwa, ambao ni picha ya zamani ya familia iliyofufuliwa, na ndugu wangealikwa. Krimu alikuwa na picha moja tu ya kuleta. Mama yake alifariki Krimu akiwa na miaka miwili, na picha hiyo ndiyo peke yake iliyobaki. Ilitundikwa sebuleni juu ya kiti cha baba yake. Mzee aliitungua kwa mikono yake, akamkabidhi binti, akasema maneno matatu: "Irudi kama ilivyotoka."

Wiki hiyo Krimu alikuwa na keki tatu za harusi. Jumanne alipita saluni mbio, unga kwenye nyusi, fremu imefungwa kwa kitenge.

"Nifanyie hisani. Kuanzia kesho darasa liko wazi kwa mazoezi, mimi sitaweza. Iskani tu. Usifanye kitu kingine, nitaihariri mwenyewe."

"Kuskani tu?"

"Kuskani tu, kipenzi."

Kipenzi! Kinyozi alibaki ameshika fremu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Mwalimu alikuwa ameonya kwamba kioo cha fremu hurudisha mwanga kwenye skana, hivyo picha itolewe kwanza. Kesho yake mchana, wateja walipopungua, kinyozi aliifungua fremu kwa uangalifu. Kadibodi ilitoka. Picha haikutoka. Miaka mingi ya unyevu ilikuwa imeigandisha kwenye kioo, upande mmoja. Mtu mwingine angeirudisha ilivyokuwa na kwenda kuuliza. Lakini yeye alikuwa kinyozi, na kinyozi akiona kitu kimeng'ang'ania kitu kingine hufikiria wembe. Miaka kumi na moja mkono wake haujamkata mtu. Aliuingiza wembe kati ya picha na kioo, akausukuma taratibu, ukapita vizuri, vizuri, vizuri. Zikabaki sentimita tatu. Akavuta.

Sauti ilikuwa ndogo sana. Karatasi ilimjia mkononi ikiwa na mama wa Krimu mwenye macho, pua, nusu ya mdomo, na mahali pa shavu la kushoto weupe mtupu. Ngozi ya picha ilikuwa imebaki kwenye kioo.

Vidole vya mkono wake wa kushoto vilicheza hewani. Vilikuwa vinatafuta vile vitufe viwili.

Hapo ndipo alipopaswa kuinua simu. Simu ilikuwepo, mezani, karibu na mashine ya kunyolea. Aliitazama, akaitazama fremu, akakumbuka yale maneno matatu ya mzee. Alikifunga kioo kwa taulo bila hata kukitazama, akakisukuma ndani ya droo ya chini, akaenda darasani na ile karatasi.

Siku tatu alifanya kazi kwa bidii ya mwizi. Shavu la kulia lilikuwa zima. Alilinakili, akaligeuza, akalibandika kushoto, akalainisha maungio mpaka hata yeye hakuyaona. Pande mbili zilifanana kama pande mbili za mzunguko mzuri wa ndevu. Akachapisha kwenye karatasi isiyong'aa, akanunua kioo kipya, akaifunga fremu. Alikuwa ameangalia picha ile nzima mara moja tu, kupitia vumbi, na moyo wake ulikuwa kwa mwenye picha. Jinsi shavu lile lilivyokuwa, hakujua.

Jumamosi Krimu alipita darasani dakika mbili, keki imebaki ndani ya gari lenye injini inayowaka. "Umeniskania? Na ukakisafisha kioo pia? Wewe mtu!" Hata hakukifungua vizuri kile kitenge. Alimbusu haraka shavuni, akashuka ngazi anakimbia. Kinyozi alikaa mbele ya kompyuta namba nane, na pale alipobusiwa palimwasha mpaka jioni.

Saa moja usiku, akiwa saluni, simu iliita.

"Krimu wangu."

"Ulimfanya nini mama?"

Kinyozi aliitazama droo ya chini.

"Baba ameitundika, amekaa kwenye kiti chake, ameitazama. Kisha ameniuliza, 'Huyu ni nani?' Unanisikia? Ameniuliza huyu ni nani! Anasema mke wake alikuwa anacheka upande mmoja. Anasema huyu anacheka pande zote mbili kama anauza dawa ya meno."

Upande mmoja. Kinyozi aliketi kwenye kiti cha wateja. Jumamosi zote zile alikuwa amekaa pembeni ya kicheko hicho hicho, akakipenda, na hakujiuliza kimetoka kwa nani.

"Karatasi ilikuwa imechakaa," alisema. "Niliisafisha kidogo."

"Nilikuomba uiskani. Nani alikuomba umnyooshe mama yangu?"

Sentensi moja tu ya kweli ilihitajika. Nimeichana. Ilifika kwenye meno, ikarudi.

"Nilitaka apendeze," alisema.

Krimu alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nacheka kama yeye. Ndicho kitu pekee alichoniachia. Kumbe wiki zote hizi unanitazama unatafuta brashi. Nipe picha yetu halisi, kinyozi, halafu usinipigie."

"Nitaileta."

Hakuileta. Angeiletaje? Alipiga simu Jumapili, ikakatwa. Jumatatu ikaita hadi ikachoka yenyewe. Jumanne alimnyoa mteja mzee sharubu nusu, akasahau nusu ya pili, na mteja akatoka nje hivyo mpaka alipochekwa na wapita njia. Jumamosi alimkuta Krimu amehamia namba mbili, kwenye nafasi ya mwanafunzi aliyeacha kozi, gauni jeusi, nywele zimefungwa nyuma kwa hasira, macho kwenye skrini. Kipanya cha namba nane kilikuwa chake peke yake sasa, na hakukuwa na cha kukifanyia.

Jumamosi ile ile alasiri dada yake alivuka pazia kutafuta taulo safi. Kinyozi alikuwa anapanga machanuo kwa urefu, mara ya tatu. Aliposikia droo ya chini inafunguka aligeuka, akaona dada ameshika kioo mkono mmoja na chupa ya spiriti mkono mwingine.

"Kioo kichafu hivi unakiweka na taulo za watu?"

"Usifute!"

Chupa ilianguka. Dada alimtazama, kisha akakitazama kioo, akakiinua dirishani. Pale katikati, kwenye mwanga, lilikaa shavu la mwanamke, na kona ya mdomo iliyopanda juu.

"Huyu nani?"

Akamweleza. Alieleza yote, amesimama, anazunguka, anashika kiti hiki na kile. Dada alisikiliza bila kumkatiza, na hilo peke yake lilikuwa la kutisha.

"Yaani wiki nzima," alisema mwishowe, "umemfungia mama wa watu kwenye droo, na taulo zangu."

"Niliogopa, dada."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umemwacha mtoto wa watu aamini kwamba unaona ana kasoro, ili asijue kwamba wewe ndiye mwenye kasoro. Vaa viatu."

"Nimevaa."

"Basi unangoja nini?"

Nyumbani kwa Krimu mlango ulifunguliwa na mzee, mwembamba, ndevu nyeupe za siku nne. Nyuma yake sebule ilikuwa na ukuta mtupu, msumari peke yake juu ya kiti. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na Krimu alikuwa ameinama juu ya keki ya ghorofa mbili, mfuko wa krimu mkononi. Alimwona. Hakusimama, hakuacha kukamua.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa dawa ya meno?"

"Ndiye." Alikunjua taulo, akaweka kioo mezani, na kando yake ile karatasi yenye shimo jeupe. Kisha akasema haraka, kama mtu anayejitosa kwenye maji baridi. "Sikuisafisha. Niliichana. Ilikuwa imeganda kwenye kioo, nikatumia wembe kwa kiburi changu, nikavuta. Halafu nikaogopa, nikachukua shavu la kulia nikalifanya la kushoto. Nilimdanganya binti yako kwamba nilitaka mama apendeze. Sikuwahi kuliona shavu lile. Ningeliona nisingeligusa, kwa sababu..." Aligeuka kumtazama Krimu jikoni. "Kwa sababu nalijua. Nalipenda. Ndilo lililonifanya niache kuhesabu vigae."

Mzee hakuelewa habari za vigae. Alikuwa amekwisha kuchukua kioo, amekipeleka dirishani, anakigeuza huku na huku. Akatulia.

"Huyu hapa," alisema. Alikuwa anasema na kioo. "Huyu hapa bwana, anacheka."

Krimu aliweka mfuko chini. Alikuja akasimama begani kwa baba yake, wakatazama pamoja, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Kinyozi hakujua aweke wapi mikono.

"Wiki nzima," Krimu alimwambia hatimaye. "Nimejitazama kwenye kioo cha bafuni nikijaribu kucheka sawasawa. Unajua hilo?"

"Sikujua. Nisamehe."

"Sijakusamehe. Jumatano, saa tisa, darasani. Mimi nitashika kipanya. Wewe utashika kioo, na usishike kitu kingine chochote."

Jumatano alibeba kioo kwa mikono miwili njia nzima. Walikilaza juu ya skana, na mwanga ukapita chini yake. Shavu likatokea kwenye skrini, rangi zimefifia kidogo lakini kamili, na lile shimo dogo la kicheko. Mwalimu alivaa miwani yake. "Tabaka la chini karatasi, la juu kioo," alisema. "Sogezeni mpaka vikutane." Kisha akawaacha.

Krimu alisogeza. Pole pole, nywele moja kushoto, nywele moja juu. Pua ikakuta shavu. Mdomo ukapata kona yake. Mama yake akamchekea kutoka kwenye skrini, upande mmoja.

Ulibaki mstari mwembamba wa maungio, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Mkono wa kinyozi ulianza safari kuelekea kwenye brashi. Krimu aliutazama. Mkono ukarudi, na kinyozi akaukalia.

"Huo mstari utabaki," Krimu alisema.

"Ubaki."

"Unakuwasha?"

"Unaniua."

Ndipo kona ya kushoto ya mdomo wake ikanyanyuka. Kidogo tu, lakini kinyozi aliiona.

Siku ya maonyesho watu walijaa mpaka ngazini. Mama wa Krimu alitundikwa katikati ya ukuta, mkubwa, na mzee alisimama mbele yake na suti yake, haondoki, watu wakimpitia pembeni. Mwalimu naye alikuwa amesimama mbele ya mradi wa kinyozi, uso umekunjamana. Haikuwa picha ya zamani hata kidogo. Ilikuwa ya Krimu, aliyompiga wiki ya tatu kwa ajili ya lile tangazo la keki, gauni la ndizi mbivu, mkono mmoja umekunjwa juu kuliko mwenzake, anacheka, unga kwenye nyusi.

"Hapa umehariri nini?" mwalimu aliuliza.

"Hakuna, mwalimu."

"Wiki nane nimekufundisha, umeniletea picha ambayo hujaigusa?"

"Nimejizuia, mwalimu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote."

Mwalimu alimpa alama ya chini kuliko wote darasani, na ilikuwa haki yake. Krimu, aliyekuwa nyuma yao, aliisikia kila neno. Alipopita alichovya kidole kwenye kipande chake cha keki na kumpaka kinyozi krimu puani, kama alivyoahidi siku ya kwanza.

Jumatatu saa nne asubuhi mzee alisukuma mlango wa saluni, Krimu nyuma yake na boksi la keki. Alikaa kwenye kiti bila kusalimia, akaegemeza kichwa.

"Ninyoe ndevu."

"Kwa mashine, Mzee, au..."

"Wembe. Ule ule."

Upande wa pili wa pazia dada aliacha kusuka. Kinyozi alipaka povu, akabadilisha makali ya wembe, akashusha pumzi.

"Mkono ukikutetemeka je?" mzee aliuliza, macho yamefumbwa.

"Nitasema."

Alianza upande wa kulia, akamaliza salama. Akazunguka kushoto. Chini ya sikio, mahali laini ambapo miaka kumi na moja hajawahi kukosea, wembe uliteleza kwa unene wa uzi, na tone jekundu likatokea kwenye povu.

"Nimekukata, Mzee," alisema papo hapo.

"Wapi?"

"Shavu la kushoto."

Mzee alifumbua jicho moja. Mabega yake yakaanza kutikisika chini ya kitambaa, na kinyozi akashtuka kabla hajatambua kwamba ni kicheko. "Vizuri," mzee alisema. "Hicho ndicho nilichokuja kukisikia. Sasa sema lile jingine, maana naona linakutoa jasho."

"Nataka kumuoa binti yako."

"Usiniulize mimi, muulize mwenyewe, yupo mlangoni." Mzee alifumba jicho tena. "Lakini kwanza, mwanangu, weka wembe chini."

Kinyozi aliweka wembe chini, akageuka, mikono mitupu. Krimu alikuwa ameshaanza kucheka.